Kitu Alicholeta Josephat

Changamwe, Mombasa
11 Machi 1984

Mpendwa Mama Elsie,

Nakusalimu wewe na Mama na majirani wote wa Sagalla. Mimi niko, kazi inaendelea. Nimesikia redioni kwamba mvua imewakataa huko. Hata huku pwani ni jua tupu.

Mwisho wa mwezi huu sitaweza kuja. Kreni mbili zimeharibika bandarini na mafundi tumeambiwa tusitoke. Mwambie Mama asiwe na wasiwasi.

Nimempa Josephat kifurushi, akuletee siku atakayokuwa hana zamu ya treni. Kuna sabuni, majani ya chai, kitambaa cha Elsie cha sketi ya shule, na chini kabisa kuna kitu kimefungwa kwa gazeti. Hicho usikifungue mbele ya Mama. Ni chako peke yako. Kinatumia mawe ya redio, yale madogo. Nimeshayatia.

Utaona mwenyewe.

Wako,
Obadiah


Sagalla
19 Machi 1984

Mpendwa Baba Elsie,

Tumepokea vitu vyote, asante. Josephat alifika Alhamisi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mama alimpa maji ya kunywa, ya kunawa akaomba amsamehe. Bomba la kanisani limekauka tangu mwezi uliopita, sasa tunateremka mpaka bondeni na kupanda na madebe mgongoni. Nikifika nyumbani sina hata hamu ya kula.

Sasa kuhusu kile kitu. Ulisema nisifungue mbele ya Mama, lakini Mama ndiye aliyepokea kifurushi, mimi nilikuwa mtoni. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kigoda amekishika mkononi. Akaniambia, "Mwanangu ametuma tochi, lakini wamemwibia, haina taa." Akabonyeza pale chini, kikaanza kunguruma kama nyuki ndani ya mkebe. Alikitupa, Baba Elsie. Kikawa kinatembea chenyewe sakafuni na kuku wakakimbia.

Baadaye tuligundua ni cha kukanda mwili. Mama amekiweka kwenye goti lake lile bovu na anasema maumivu yamepungua. Anakitumia asubuhi na jioni, na jana alimwonyesha Peris wa kwaya. Mimi nilikijaribu begani mara moja tu, maana zamu yangu haifiki.

Nataka tu kujua kwa nini ulisema ni changu peke yangu. Na mbona ukafunga kwa gazeti hivyo, kama nyama ya wizi?

Mkeo,
Tryphena


Changamwe
28 Machi 1984

Mama Elsie,

Tafadhali mnyang'anye Mama hicho kitu. Tafuta njia yoyote. Mwambie kimekufa, mwambie mwenye kitu amekidai. Na Peris asikione tena.

Nimekaa na karatasi hii tangu nilipotoka kazini na sijui niandike vipi. Nimekuwa mume wako miaka ishirini na mambo haya hatujawahi kuyasema kwa mdomo, sembuse kwa kalamu.

Kuna mpishi wa meli moja ya Wazungu niliyemtengenezea jiko lake. Tukazoeana. Aliniambia yeye hukaa baharini mwaka mzima, na mke wake ana kitu kama hicho nyumbani, si aibu kwao, wanakinunua dukani kama pasi. Nikamwomba anitafutie. Safari iliyofuata alikuja nacho.

Si cha goti, Tryphena. Ni cha mwanamke akiwa peke yake kitandani. Ni cha kukufurahisha mahali ambapo mume wako angekufurahisha kama angekuwa karibu. Unaelewa. Usiharakishe, wala usiogope mlio wake. Mpishi alisema mwanzoni mtu huona ajabu, halafu mwili unazoea.

Choma barua hii.

Obadiah


Sagalla
9 Aprili 1984

Obadiah,

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye foleni ya mahindi kule Voi. Nilidhani utakuwa umeandika mambo ya karo ya Elsie. Nilipofika katikati nikaikunja nikaitia kifuani, na mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia ndiyo.

Mama nimemwambia kimekufa. Amekisikitikia kuliko alivyomsikitikia yule ng'ombe wetu aliyekufa kwa ukame. Nimekificha kwenye sanduku, chini ya gauni langu la harusi.

Sasa nikuulize. Mtu hutuma mtu wa kumshikia kazi wakati gani? Si wakati ameamua kwamba hatarudi kazini? Mombasa si Ulaya. Ukipanda basi asubuhi, unakula chakula cha mchana hapa. Yule mpishi yuko baharini mwaka mzima, wewe uko baharini gani?

Tangu Krismasi najua kuna jambo. Ulikuja siku zile ukalala umeuelekea ukuta. Nikakugusa bega, ukasema ni malaria. Januari hukuja. Februari ulikuja ukaondoka siku iyo hiyo kabla jua halijatua. Nikasema moyoni, mwanamume amechoka, hata mimi nachoka. Sikulalamika. Huenda ilifaa nilalamike.

Kama una mtu huko, niambie. Usinitumie mashine iniambie kwa niaba yako. Nina miaka arobaini na moja, mgongo wangu umejaa alama za kamba ya debe, kilio changu hakitakuwa kirefu. Nina kazi nyingi mno.

Tryphena


Changamwe
16 Aprili 1984

Mama Elsie,

Hakuna mtu. Naapa kwa jina la binti yetu.

Pasaka sitakuja, kazi haijaisha. Nimechoka tu, Tryphena. Nilitaka upate kitu kizuri. Kama nimekosea, kitupe chooni na tusikizungumzie tena.

Msalimie Mama.

Obadiah


Sagalla
30 Aprili 1984

Baba Elsie,

Nilikuja.

Pasaka ilipopita nilimwacha Mama kwa Gertrude dada yako, nikamwambia naenda hospitali Voi kupimwa macho. Nikapanda basi la asubuhi. Njia nzima nilikuwa natayarisha maneno ya kumwambia huyo mwanamke. Nilikuwa na maneno mazuri sana.

Nilifika kwako, nikakuta mlango uko wazi na mwanamke anafagia ndani. Mnene kidogo, mweupe, amejifunga leso. Nikasimama pale mlangoni na maneno yote yakanitoka. Akainua uso akasema, "Wewe ndiye Mama Elsie! Uso ni ule wa picha. Karibu ndani, mzee yuko kazini." Akaniambia anaitwa Syokau, anakaa nyumba ya pili na mumewe na watoto wao. Akaniwekea kiti.

Nikamuuliza, "Na wewe unafanya nini humu?"

Akasema, "Nabadilisha maji ya mtungi. Si unajua ile dawa haitaki joto."

Nikasema ndiyo, najua. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akafunua mtungi akanionyesha kichupa kidogo ndani ya kikombe, kinaelea. Kando ya jiko kulikuwa na sufuria ndogo na ndani yake bomba la sindano la kioo. Akasema, "Mwanzoni alikuwa ananiomba mimi nimdunge, anaogopa. Siku hizi anajidunga mwenyewe pajani. Lakini kile kidonda cha mguu, mama, mkazanie aende kliniki, mimi hanisikii." Alidhani najua kila kitu. Nikawa naitikia kwa kichwa, naitikia, mpaka shingo ikaniuma.

Aliporudi kwake nilikaa kitandani mwako. Hakuna sukari ndani ya nyumba nzima. Mto ni mmoja. Suruali yako ya kazi niliishika nikaona jinsi ulivyoutoboa mshipi mashimo mapya kwa msumari. Umekonda hivyo na mimi sikuona? Februari ulivaa koti muda wote, nikadhani una haraka.

Sikukungoja. Nilikuwa na hasira za kuja kukupigania, na sasa sikuwa na mtu wa kupigana naye, nikahisi nimechoka mpaka kwenye mifupa. Nikamwomba Syokau asikwambie, nikarudi na basi la mchana.

Sasa niambie wewe mwenyewe. Ugonjwa wa sukari nimeuelewa, hata mwalimu mkuu wa hapa anao. Niambie kile ambacho sijakielewa.

Nimechoka, Baba Elsie. Lakini sijachoka na wewe.

Tryphena


Changamwe
8 Mei 1984

Tryphena,

Syokau hakusema neno. Niliona tu kwamba kitanda kimetandikwa kwa namna yako, shuka limekunjwa pembeni. Nikafikiri nimeanza kuchanganyikiwa. Kisha barua yako ikaja.

Ilianza mwaka jana. Nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe na bado nina kiu. Nikaanguka kazini, wakanipeleka hospitali, wakaniambia damu imejaa sukari. Hilo ningekwambia. Nilikuwa najiandaa kukwambia Krismasi.

Lakini kabla ya Krismasi kitu kingine kilikuwa kimekufa. Daktari alisema huwatokea wanaume wengi wenye ugonjwa huu, akaandika kwenye faili na kumwita mgonjwa mwingine. Nikatoka pale nimeshika kofia yangu. Ulipogusa bega langu Krismasi nilikuwa macho, Tryphena. Sikuwa na malaria. Nilijua nikigeuka utajua, kwa hiyo nikauangalia ukuta mpaka ukalala.

Mwanamume wa namna hiyo anakuja nyumbani kufanya nini? Kula chakula na kumsalimia mama yake? Nikaona afadhali nisije. Halafu yule mpishi akasema habari za mke wake, nikafikiri, basi, angalau asikose. Nilidhani ukiwa nacho hutanidai kitu, na mimi nitakuwa nimelipa kwa njia nyingine. Sikufikiria kwamba utaona kama nakufukuza.

Kidonda ni kidole cha mguu wa kushoto. Kiatu kilinichubua na sikuhisi. Kliniki nitaenda.

Sina lingine la kuficha. Hata mimi nashangaa jinsi mzigo wenyewe ulivyo mdogo ukiutua.

Obadiah


Sagalla
27 Mei 1984

Mpendwa Baba Elsie,

Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kwanza nijue ninachosema.

Jumamosi moja Mama alienda mkutano wa akina mama kanisani. Nikafunga mlango, nikatoa kile kitu kwenye sanduku, nikakiweka kitandani, nikakiangalia kama mgeni ambaye hajasema alichofuata. Nikajiambia, mume wangu aliaibika mbele ya Mzungu ili nipate hiki. Angalau nikijue.

Mara ya kwanza sikufika popote. Kilikuwa baridi na kigumu, na mlio wake ulinifanya nisikilize kila kitu huko nje. Mbuzi wa jirani alikohoa nikaruka nikajifunika shuka mpaka kichwani. Nikacheka peke yangu. Kisha nikakizima.

Jumamosi iliyofuata nilikizungushia leso, mlio ukapungua na ubaridi ukaisha. Nikafanya polepole kama ulivyosema. Baba Elsie, sijui nikuelezeje. Nimebeba maji na mwili huu, nimelima nao, nimezaa nao, nimeusukuma kila siku kama mkokoteni. Sikukumbuka kwamba una kazi nyingine. Ulipokumbuka wenyewe nililia. Si kwa huzuni peke yake wala si kwa raha peke yake. Nililia halafu nikalala usingizi wa mchana, mimi, ambaye silali mchana hata nikiwa mgonjwa. Mama alinikuta hivyo akasema nina homa.

Jumapili nilienda kanisani nikidhani kila mtu ataona usoni. Peris akanishika mkono, "Mama Elsie, leo unang'aa, Obadiah amekuja?" Nikamwambia hajaja. Hapo ndipo iliponiuma.

Kwa sababu ni kweli kinafanya kazi. Sitakudanganya, na siku nyingine nitakitumia tena. Lakini kikimaliza, kimemaliza. Hakina joto la kuegemea. Hakiniulizi habari za Elsie. Nikikiweka chini kitanda kinakuwa kikubwa kuliko kilivyokuwa kabla.

Wewe unasema kitu kimekufa. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani mwako nikahesabu vilivyobaki hai: mikono yako yote miwili, mdomo wako, na ile harufu ya grisi isiyotoka hata ukioga. Nani alikwambia mimi nilikuwa nangojea kile kimoja tu?

Njoo. Njoo na sindano yako na kichupa chako. Mtungi tunao, na kivulini hapa kuna baridi kuliko Changamwe.

Tryphena


Sagalla
19 Juni 1984

Mpendwa wangu,

Nakuandikia upesi maana yapo mambo niliyoshindwa kukwambia ulipokuwa hapa. Nikikuangalia usoni ulimi unakuwa mzito. Kwa kalamu naona ninaweza.

Siku ile ulipofika na kuvua koti mbele ya Mama, ukamwambia, "Mama, mimi ni mgonjwa," niliona umerudi kuwa yule kijana niliyemkubali. Mama tangu siku hiyo anatupa macho kila chai inapomiminwa, akihakikisha hakuna anayekuwekea sukari.

Ile asubuhi ya Jumapili, wote walipoenda ibada na sisi tukasingizia mguu wako, najua ilianza vibaya. Ulikishika kile kitu kama spana. Nilikwambia, "Unanitengeneza au unanipenda?" Nilitaka tucheke, lakini wewe hukucheka. Ulikiweka chini ukatoka nje ukakaa kwenye jiwe la kufulia, umenipa mgongo. Nilikuona dirishani. Nilitaka kukufuata, lakini nilikuwa nimechoka, nikasema kimoyomoyo, huyu akitaka kurudi Mombasa sasa hivi na arudi, mimi sina nguvu ya kumshika tena.

Halafu ulirudi. Ukafunga mlango, ukakaa karibu nami. Ukanishika mkono ukaniambia, "Nionyeshe."

Baba Elsie, nilikuonyesha. Niliweka mkono wangu juu ya mkono wako. Na wewe ukawa unauliza, kwa sauti ndogo kama mtu anayeingia nyumba ya watu, "Hapa? Au hapa? Hivi?" Sikuweza kukujibu vizuri kwa sababu nilikuwa nalia, ukaacha ukidhani nimeumia. Sikuumia. Miaka ishirini, watoto watatu tuliowazaa na wawili tuliowazika, ulikuwa mume mwema, hukunipiga, hukunitukana. Lakini ulikuwa hujawahi kuniuliza. Na hukuwahi kunisikia nikijibu, kwa sababu nilikuwa sijui kama inaruhusiwa kujibu.

Baadaye ulilala kichwa chako kikiwa tumboni mwangu. Ukaniuliza kama nakuonea huruma. Nilikaa kimya ukadhani ndiyo. Jibu ni hapana. Nilikuwa nafikiria jinsi kichwa chako kilivyo kizito, na kwamba sitaki ukiondoe.

Mahindi yamekauka yote. Hata yale ya bondeni tuliyodhani yatapona. Nenda kliniki.

Wako,
Tryphena


Changamwe
2 Julai 1984

Mpendwa Tryphena,

Nilienda kliniki. Watakikata kile kidole Jumatano ijayo, kidole tu, mguu watauacha. Usipande basi kuja, Syokau na mumewe watanisindikiza. Wakubwa wangu wa kazi wamesema nikipona nitahamishiwa stoo, kazi ya kukaa. Mshahara utapungua. Nikajikuta nafurahi, kwa sababu watu wa stoo hupewa Jumamosi za kupumzika.

Barua yako niliisoma mara moja tu, nikaiweka. Sina maneno kama yako. Nilipokuwa nimekaa kwenye lile jiwe sikuwa nimekasirika na wewe. Nilikuwa naogopa kwamba mashine inakujua kuliko mimi. Halafu nikafikiri, hata mashine hii kuna mtu alikaa chini akajifunza kuitengeneza. Na mimi si fundi?

Nikiruhusiwa kutoka hospitali nitakuja nyumbani, nikae mpaka kidonda kipone. Nitakuwa na fimbo, na uso mbaya, na kabla ya kula nitajidunga sindano mbele yenu. Nitakuwa nimechoka. Nadhani na wewe utakuwa umechoka, na maji hayo, na jua hilo. Usijitayarishe kwa lolote. Tukitaka jambo tutaulizana. Tukitaka kulala tu, basi tutalala, na safari hii sitauangalia ukuta.

Mumeo,
Obadiah